"Raha yake iko wapi?" Jibu kwa msomaji aliyeachiwa Land Rover ya zamani

Msomaji ameniandikia hivi: "Mjomba wangu haendeshi tena kwa sababu ya macho, na ameamua kuniachia Land Rover yake, Series III fupi ya mwaka 1974, ya petroli. Inatembea. Ninalo gari dogo la kisasa la kwendea kazini na halinisumbui. Mke wangu ameniuliza swali nikakosa jibu: gari linakunywa mafuta, linapiga kelele, linavuja oili, redio halina, raha yake ya kila siku iko wapi? Naomba jibu la mtu anayeishi nalo, si la mtu anayelitamani."

Ndugu yangu, shemeji ameuliza swali la maana kuliko wanunuzi wengi wanaokuja gereji kwangu. Wao huja na picha ya mto uliofurika na mlima wa matope. Wanalinunua gari, halafu wanagundua kwamba siku za mto ni mbili kwa mwaka, na zilizobaki zote ni za kwenda dukani, kumpeleka mtoto shule na kutafuta pa kuegesha. Nimetengeneza magari haya kwa miaka 26, na la kwangu, Series IIA ya mwaka 1968, toleo lililotangulia hilo la mjomba, naliendesha karibu kila siku. Kwa hiyo nitakujibu kwa siku ya kawaida. Tuseme Jumanne.

Kwanza nimpe shemeji haki yake, maana hakuna alilosema la uongo. Injini hiyo ni ya lita 2.25, na ukiiendesha kwa upole itakupa kilometa 6 au 7 kwa lita moja. Mwendo wake wa raha ni kilometa 70 hadi 80 kwa saa. Ukiizidishia itakwenda, ila mtaacha kuongea. Redio hata ukiiweka hutaisikia. Na kuvuja, inavuja. Hesabu mwenyewe mahali panapokaa oili: injini, giaboksi, transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), difu ya mbele na difu ya nyuma (meno yanayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia), ile mipira miwili ya chuma inayogeuza magurudumu ya mbele, na boksi la usukani. Ni mahali 8, na kila mahali pana sili yake inayozeeka. Mafundi tuna utani kwamba ukikuta sakafu kavu chini ya Land Rover ya zamani, wahi ukapime, huenda oili imeisha. Mimi huweka kadibodi chini yake usiku na asubuhi naisoma: tone jeusi ni la injini, tone zito lenye harufu kali ni la giaboksi au difu. Nimeshazoea kiasi kwamba kadibodi ikiwa safi ndipo naingiwa na wasiwasi.

Sasa njoo asubuhi yenyewe. Unainua boneti, nzito kwa sababu mara nyingi imebeba tairi la akiba mgongoni. Unachomoa kijiti cha oili, unakipangusa, unakirudisha, unakichomoa tena. Unaingia, mlango unajifunga kwa mlio wa bati. Unavuta choki, kile kidude cha kuizidishia petroli injini iliyo baridi, unageuza ufunguo. Starta inazungusha kivivu, injini inapiga chafya mara moja, inashika. Kuanzia hapo unarudisha choki kidogokidogo, na anayekuambia urudishe kiasi gani ni sikio lako. Ukiwahi, inakohoa. Ukichelewa, inaanza kunguruma kwa uzito na kunuka petroli. Baada ya wiki tatu utakuwa unafanya hivyo huku ukiwaza mambo mengine, kama mtu anayekoroga uji.

Nusu ya jibu langu kwa shemeji imo humo. Gari la kisasa limefundishwa kunyamaza. Likiumwa linawasha taa ya njano, na wewe na fundi wako mnaitazama taa ile kama wageni wawili msibani. Hili la mjomba linasema saa zote, na kila sauti ina mwenyewe: tapeti, vyuma vinavyosukuma vali, zinagonga kwa juu, giaboksi inavuma kwenye gia ya pili, difu inalia kidogo ukiachia mafuta kwenye mteremko. Siku ikiingia sauti ngeni, unaijua kwamba ni ngeni hata kabla hujajua inatoka wapi. Mteja wangu mmoja, bibi wa miaka sitini na ushee, alinipigia simu akasema gari lake "limeanza kuvuta pumzi." Nilicheka moyoni. Kufungua, nakuta gasketi ya manifoldi, pale hewa inapoingilia injini, imeachia na injini inavuta hewa pembeni, fiii, fiii. Alikuwa ameitambua akiwa barabarani, mkono mmoja kwenye usukani.

Kisha kuna vile vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele. Sijui kwa nini wanaouza magari haya hawavitaji, maana mimi ningevitaja kabla ya injini. Unasukuma mpini mdogo ndani, bati linafunguka kwa nje, upepo unakuja moja kwa moja kifuani. Hakuna feni wala gesi, ni tundu tu lenye wavu. Linakuletea hewa ya pale ulipo: majani yaliyokatwa sasa hivi, vumbi lililonyeshewa, mkate unaookwa nyumba ya tatu. Njia ile ile niliyopita miaka yote na gari lililofungwa vioo, siku ya kwanza kuipita na vifuniko wazi niligundua kuna mahali panapita kijito. Nilisikia ubaridi wake magotini. Bila shaka vifuniko hivyo huleta pia nyigu, na mvua ya ghafla utaipokea mapajani. Wavu nao huchakaa, kwa hiyo ubadilishe kabla ya kukutana na nyigu.

Gia ni mada ambayo nikiachiwa nitaandika mpaka kesho, nitajizuia. Wewe umebahatika: Series III ndiyo ya kwanza katika ukoo huu kuwa na sinkro, kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ili gia iingie bila kusaga, kwenye gia zote nne za mbele. Ya kwangu haina kwenye ya kwanza na ya pili. Nikitaka kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kabla ya kona, nakanyaga klachi, natoa gia, naachia klachi, nakanyaga mafuta kidogo injini ipande, nakanyaga klachi tena, ndipo naingiza. Nikikosea, meno yanasaga na watu wa kituo cha basi wanageuka. Nikipatia, mpini unaingia wenyewe bila sauti, kama mlango uliofunguliwa na mwenyeji aliyekuona ukija. Kona hiyo iko karibu na kwangu. Naipita mara mbili kwa siku, na nikiipatia bado natabasamu peke yangu kama kichaa. Hata yako, ukiijaribu namna hiyo itakushukuru, kwa sababu sinkro ya gari la miaka hiyo nayo imechoka.

Wepesi wa gari hili kueleweka haukuja kwa bahati. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na pale shambani alitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Jipu lilikuwa linachakaa na kwao hakukuwa na gari la kushika nafasi yake. Inasimuliwa kwamba alilichora gari jipya mchangani, ufukweni Red Wharf Bay, akimwonyesha kaka yake Spencer aliyekuwa akiiongoza kampuni. Tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa Amsterdam. Chuma wakati huo kilitolewa kwa mgao Uingereza, hivyo bodi likatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, na mabati yakaachwa bapa ili yasihitaji mashine za gharama za kuyakunja. Mteja aliyekusudiwa alikuwa mkulima, mtu anayetaka kulifungua gari mwenyewe. Rover wenyewe walidhani ni biashara ya kuvukia kipindi kigumu tu. Ukoo huo ulikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, magari yakiwa yamepita milioni mbili.

Kwa sababu hiyo digadi yako ya mbele inatoka kwa kufungua bolti, nusu ya juu ya mlango inatoka, paa linatoka, na kioo cha mbele kinalazwa juu ya boneti. Kilaze angalau mara moja, jioni, kwa mwendo wa taratibu, na uvae miwani. Ila kabla hujagusa nati yoyote, nunua spana za inchi. Zinazotumika sana ni 7/16, 1/2 na 9/16. Ile 13 ya milimita itaonekana inaingia kwenye 1/2, na kweli inaingia. Halafu itaila nati kona zote na utaniita.

Kuna kibonye cha njano na mpini wenye kichwa chekundu karibu na mpini wa gia. Ukisukuma cha njano chini, magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta pamoja na ya nyuma. Ukisimamisha gari na kuvuta chekundu nyuma, unaingia gia za chini, na hapo manne yote yanavuta hata usipogusa cha njano. Kurudi kawaida, simama, vuta chekundu nyuma kisha kirudishe mbele, na cha njano kitaruka juu chenyewe, tak! Watoto wa dada yangu hugombea nani akitazame kikiruka. Usitumie magurudumu manne kwenye lami kavu. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo mbele na nyuma zitashindana na kitakachoumia ni chuma.

Kibonye hicho kiliwahi kunirudisha nyumbani. Nilikuwa narudi nyuma kupanda kilima, na tela la mchanga limefungwa, nikaachia klachi kwa pupa. Kaa! Injini inanguruma, gari limekaa. Nilikuwa nimekata hafu shafti ya nyuma, chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, na kosa lilikuwa la mguu wangu mtupu. Gari la aina nyingine lingengoja la kulivuta. Hili, kwa jinsi ekseli yake ilivyojengwa, gurudumu halitegemei shafti kubaki mahali pake. Niliacha tela pale, nikasukuma cha njano chini, nikarudi kilometa 11 nikivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, taratibu, aibu imenijaa na furaha vilevile. Kesho yake nikafungua bolti 6 kwenye kikombe cha gurudumu, nikachomoa shafti, nikavuta kipande kilichobaki kwenye difu kwa sumaku, nikaingiza nyingine. Gurudumu sikulitoa. Nilipolitembeza tena asubuhi ile nilijiona mtu wa maana sana, na kwa siku nzima nilitafuta kisingizio cha kumsimulia kila aliyeingia gereji.

Kama shemeji atasema hayo ni raha ya mafundi, mpe Jumamosi moja ya tapeti. Hii ni kazi ninayomfundisha mtu yeyote, hata asiyewahi kushika spana. Injini ikiwa baridi, unatoa mfuniko wa juu na unaziona vali 8 zimejipanga mstari mmoja. Uwazi unaotakiwa ni milimita 0.25. Kujua vali ipi iko tayari kupimwa, mafundi wa zamani walituachia hesabu ya tisa: zungusha injini kwa hendeli, kile chuma cha kuizungushia kwa mkono, mpaka vali ya 8 ifunguke kabisa, kisha pima ya 1, ya 6 ikifunguka, pima ya 3, ya 2 ikifunguka, pima ya 7. Kila mara jumla ni tisa. Kibamba cha kupimia kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoichomoa chini ya kitabu. Mmoja azungushe, mwingine apime. Mnamaliza, mnafunga, mnawasha, na ule mgongano uliokuwa juu umepungua ukawa mnong'ono. Nimewaona watu wazima wakizima injini na kuiwasha tena ili waisikie mara ya pili.

Na watu. Hilo sikulitegemea nilipoanza. Gari hili linasalimiwa. Mwenye Land Rover akikutana na mwenzake huinua kidole kimoja au viwili kutoka kwenye usukani, na usipojibu utajisikia umemkosea mtu. Ukisimama kwenye kituo cha mafuta, atakuja mzee aseme baba yake alikuwa nalo, au alijifunzia kuendesha humo, au alikaribia kuzaliwa humo. Ongeza dakika tano kwa kila safari. Mke wangu mimi huongeza kumi, kwa sababu anasema naanza mimi.

Sasa nizungumze kwa uzito, maana raha yote hii imejengwa juu ya chuma kimoja, chasisi. Bodi la alumini haliozi kama chuma, na ndilo linalowadanganya watu: juu gari linang'aa, chini linaliwa na kutu. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga chasisi kuanzia mbele hadi kwenye boriti ya mwisho ya nyuma, na usisahau mikono inayotoka pembeni na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boga. Gonga pia bati la chuma linalotenganisha injini na abiria, hasa chini miguuni na kwenye bawaba za milango. Alumini ikikutana na chuma penye unyevu utaona unga mweupe na rangi imetuna; hiyo ni kazi ndogo. Chasisi iliyooza ni kazi kubwa, na ikibidi kuibadilisha, weka iliyochovywa zinki usije ukairudia. Mambo mengine yote, oili, kelele, usukani unaocheza kidogo, yanaweza kungoja. Hili halingoji.

Breki zako ni za ngoma magurudumu yote manne. Zikiwa zimerekebishwa vizuri zinasimamisha gari, lakini si kama za hilo gari lako dogo, na zikitoka majini hazishiki mpaka uzikaushe kwa kuzikanyaga kidogokidogo. Acha nafasi mbele yako. Mkanda ufungwe kwa fundi anayejua, kwenye chuma, si kwenye bati. Vile viti vya ubavuni nyuma usimkalishe mtoto ukiwa safarini, hata akililia namna gani. Gari la mwaka 1974 halikujengwa kumlinda mtu aliyekaa upande. Nimeshagombana na wateja kwa hili na nitaendelea kugombana.

Je, ulitumie kila siku? Lile dogo usiliuze. Lakini hili nalo usilifunike turubai likingoja siku kuu, maana gari la zamani huharibiwa na kukaa kuliko kutembea: sili zinakauka, silinda za breki zinanata, petroli inachacha ndani ya kabureta, panya wanahamia kwenye viti. Lipe siku mbili au tatu za wiki, safari za kutosha injini ipate moto kabisa. Na tafadhali usikimbilie kulipaka rangi mpya. Mikwaruzo ya mjomba ni yake, mwache akuambie kila mmoja ulitokea wapi.

Shemeji usimshawishi kwa maneno, wala usimweke kiti cha abiria, ambako joto la injini litamchoma miguu na kelele zote atazisikia bila kuwa na la kufanya. Mkabidhi ufunguo. Mpe uwanja mpana au njia ya vumbi isiyo na watu, mwonyeshe choki, mwache akosee gia. Akirudi amekunja uso, gari libaki lako na mambo yataendelea. Akirudi akiuliza kile kibonye cha njano kinafanya nini, tafuta jingine la kwako.

Siku utakapokwenda kulichukua, muulize mjomba hendeli iko wapi. Mara nyingi hukaa nyuma ya viti vya mbele, na mara nyingi mtu aliitoa zamani akaisahau pembeni ya ghala. Itafuteni pamoja kabla hujaondoka. Na ukiwasha nayo, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzungukie mpini; injini ikirusha nyuma itauchukua mpini na kukuachia mkono.